Mtani Hanuni

Shinyanga ni nchi tambarare. Ukiacha vilima vya mawe ambavyo mbuzi tu ndio wenye haja navyo, mtu akitaka kupanda mlima itabidi apande kichuguu. Kwa hiyo mwaka wa 1950 watu walipoambiwa kwamba Mihayo analipwa mshahara na tajiri wa duka la baiskeli kwa kazi ya kupanda milima tu, walicheka mpaka wakashika mbavu. Mlima upi? walimuuliza. Mihayo hakuwajibu, maana hakuwa mtu wa maneno, na milima yake ilikuwa mbali, kule Geita kwenye dhahabu.

Huko ndiko alikojifunza. Kabla ya mashindano alikuwa mbeba samaki. Miaka minne alibeba sato wabichi kutoka ziwani, Nungwe, mpaka kambi ya wachimbaji, tenga nyuma, baiskeli ya gia moja. Samaki hasubiri mtu. Jua likipanda kabla hujafika, mnunuzi anaziba pua na wewe unarudi na mzigo wako. Kati ya ziwa na kambi palikuwa na mlima ambao wabeba samaki waliuita Vua Shati, kwa sababu hakuna aliyefika kileleni akiwa bado amelivaa. Wenzake walishuka wakasukuma. Mihayo aliupanda, kwenda na kurudi, akiwa amekaa kitini, macho kwenye gurudumu la mbele, akienda upande huu wa barabara na kurudi upande ule kama mtu anayeshona. Hakuutazama mlima hata siku moja. Aliamini kwamba mlima ukiutazama, nao unakutazama.

Kasoro yake ilikuwa moja, nayo ilijulikana na kila mtu: alikuwa mwoga wa kushuka. Kupanda ni nguvu, kushuka ni roho, na roho hiyo Mihayo hakupewa. Kwenye mteremko alikuwa akikaba breki zote mbili na kuburuza kandambili chini, vumbi linatimka, na watoto wa njiani wanamzomea. Alichopata kwa saa nzima ya kupanda alikipoteza kwa dakika tatu za kushuka.

Na aliyekuwa akikiokota ni Akida.

Akida alikuwa Mzaramo aliyezaliwa Shinyanga. Baba yake aliletwa na kazi ya reli, akafia kwenye reli hiyohiyo, akamwacha mkewe, Mwanaidi, na mtoto mmoja katika nyumba ya vyumba viwili karibu na stesheni. Mwanaidi alikaanga vitumbua, Akida akakua juu ya baiskeli. Alipanda milima kama watu wote, yaani vibaya, akitukana. Lakini kushuka! Alilaza kidevu juu ya usukani, akaachia, na hakugusa breki mpaka pale ambapo mtu mwingine angekuwa ameshafunga macho. Tajiri wa duka aliwaajiri wote wawili, kila mmoja na fulana yenye jina la duka mgongoni, akawaambia yeye hajali nani anashinda, mradi ashinde mmoja wao. Tajiri aliweza kusema hivyo. Hakuwa yeye anayekuwa wa pili.

Kwa miaka miwili, kwenye kila mashindano ya msimu wa pamba, wa pili alikuwa Mihayo.

Angalikuwa mtu mwingine yeyote, wangalikwisha kupigana. Lakini Msukuma na Mzaramo ni watani, tangu enzi za wapagazi waliobeba pembe mpaka pwani, na mtani hanuni. Mtani anakutukana wewe na mama yako, unacheka. Anaingia kwako anakula ugali wako, unacheka. Anachukua kitu chako, unacheka zaidi, unangoja zamu yako. Kule Kagongwa, mwaka wa kwanza, Akida alimchukulia Mihayo kiti cha baiskeli asubuhi ya mashindano, na Mihayo akaendesha maili tano amesimama. Kule Isaka, Mihayo alimfichia viatu, Akida akashindana pekupeku na akashinda vilevile. Walikuwa na sharti moja walilojitungia: anayechukua hufunga fundo la nyasi kwenye usukani wa mwenzake, ili mwenye mali ajue kwamba aliyepita ni mtani, wala si mwizi.

Hata Mwanaidi alikuwa mtani. Mihayo hakumwamkia hata siku moja. Aliingia uani kwake akisema, "Wewe kizee, bado hujafa? Nimekuja na kuku mmoja, mahari yako, twende ukanilimie pamba."

"Kuku mmoja?" Mwanaidi alijibu huku akigeuza vitumbua. "Sisi babu yako tulimnunua kwa kibaba cha chumvi, na bado tulidai chenji. Kaa hapo ule, mshamba wewe, na unawe kwanza mikono." Kisha alimwekea vitumbua vingi kuliko vya mwanawe. Mihayo alikuwa amempoteza mama angali mdogo, na pale uani alishiba kwa namna ambayo haikuhusu tumbo.

Mwaka wa 1952 mashindano yalikuwa ya siku mbili. Siku ya kwanza Shinyanga mpaka Kahama, kote tambarare, na Akida na Mihayo wakafika pamoja. Siku ya pili Kahama mpaka Geita, halafu kupita kambi ya wachimbaji, kuupanda Vua Shati na kushukia ziwani, Nungwe, mwisho. Mihayo aliposikia njia hiyo alijua kwamba mwaka wake umefika. Ule mlima ulikuwa wake. Halafu akakumbuka kwamba baada ya kilele kuna mteremko wa maili mbili, na chini ya mteremko kuna kona na daraja la mbao, na ule mteremko, bila shaka yoyote, ulikuwa wa Akida.

Walilala Nyahanga, palepale Kahama, kwa mwenyeji mmoja. Alfajiri Akida alikwenda kuswali. Mihayo akabaki na baiskeli mbili zimeegemea ukuta na spana mkononi, maana alikuwa anakaza kiti chake. Alikaza kiti. Kisha akachuchumaa mbele ya baiskeli ya Akida na kulegeza nati zinazoshika raba za breki, gurudumu la mbele na la nyuma. Hakuzitoa. Alizilegeza tu, kiasi kwamba mtu akishika breki kwa nguvu, raba zingechomoka.

Alijiambia ni utani. Alipanga hesabu yake vizuri: njiani kuna viteremko vidogo vitatu kabla ya Geita. Akida atavuta breki kwenye kimojawapo, raba zitaanguka, atacheka, atatukana, na atakapofika Vua Shati atashuka polepole kama binadamu wengine. Basi. Hakuna atakayeumia. Hesabu ilikuwa safi, ila ilikuwa na mtu mwingine ndani yake, asiye Akida. Akida hakuwahi kuvuta breki kwenye kiteremko kidogo tangu azaliwe. Mihayo alilijua hilo kuliko mtu yeyote duniani, kwa sababu kwa miaka miwili alikuwa akimtazama mgongoni.

Akasimama, akafuta mikono. Nyasi zilikuwepo pale uani, zimejaa, zina umande. Aliziona. Hakufunga fundo.

Akida akarudi kutoka msikitini. "Mtani, umeamka? Nilidhani Wasukuma huamka pamoja na ng'ombe." Akapanda baiskeli yake, wakaenda.

Mpaka Geita hakuna lililotokea. Kiteremko cha kwanza Akida alikishuka akiimba. Cha pili akakishuka ameachia mikono yote miwili, akimwonyesha Mihayo jinsi mtu anavyoruka. Cha tatu Mihayo hakutazama. Mara mbili alifungua mdomo amwambie, na mara mbili akaufunga. Alijiambia atasema pale kambini wakisimama kunywa maji. Kambini wachimbaji walijipanga pande mbili wakishangilia, maji wakapewa huku wakienda, na hapo mbele Vua Shati ukaanza.

Wanasema hakuna aliyewahi kupanda mlima ule kama Mihayo alivyoupanda siku hiyo. Ni kweli. Alipanda amekaa, akishona kutoka ukingo huu hadi ule, pumzi moja kwa kila mizunguko miwili ya pedali, na kila alipopita mti alioufahamu tangu enzi za samaki alijua amebakiza kiasi gani. Nyuma yake sauti za wengine zilipungua, kisha zikaisha. Alifika juu peke yake, na shati mwilini. Alikuwa amemwacha Akida dakika tano nzima. Angeweza kusimama pale akamngoja, akamwambia maneno mawili tu: breki zako. Dakika tano zinatosha maneno mengi. Lakini alikuwa wa kwanza, kileleni, na ziwa lilikuwa linaonekana.

Akaanza kushuka, breki zote mbili, kandambili chini.

Alikuwa amebakiza robo ya mteremko aliposikia baiskeli nyuma yake. Akida alimpita karibu sana, kidevu juu ya usukani, akampigia kelele: "Mtani! Ukifika utanikuta nimeshamwoa dada yako!" Na akacheka, na mbele yake kona ikafika, na Mihayo akaona mikono yake ikikaza.

Raba mbili zilianguka barabarani, kisha ya tatu. Vitu vidogo, vyeusi. Akida alitazama chini mara moja, kwa mshangao tu. Kisha kona ikampita, akagonga nguzo ya daraja, na baiskeli ikaingia mtoni bila yeye.

Chini ya daraja wanawake wawili walikuwa wakifua. Walipiga yowe, wakakimbia. Mihayo alifika pale akiwa bado ameshika breki. Angeweza kusimama kwa kuweka mguu chini tu. Akasema moyoni, wapo watu. Akasema, wao watamsaidia kuliko mimi. Akapita juu ya daraja, mbao zikapiga kelele chini yake, na akaendesha maili moja iliyobaki mpaka ziwani, akakata utepe, wakambeba juujuu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Ya Mihayo hayakungoja hata kuoa. Alikuwa bado juu ya mabega ya watu wakati lori la mashindano lilipofika polepole, dereva amevua kofia.

Walimrudisha Akida Shinyanga kwa lori hilohilo, usiku kucha, kwa sababu mama yake alikuwa hana mwingine. Mihayo alikaa nyuma pamoja na maiti. Watu walimsifu kwa hilo. Barabara ndiyo iliyolaumiwa: changarawe, kona, mwendo wa marehemu mwenyewe. Baiskeli ilitolewa mtoni ikiwa imekunjamana, na hakuna aliyetafuta raba za breki katika baiskeli iliyokatika vipande viwili.

Asubuhi nyumba ya Mwanaidi ilijaa. Yeye alikuwa ameketi mkekani, mkavu wa macho, haongei, hali, hanywi. Majirani waliogopa. "Asipolia huyu," walinong'ona, "atamfuata mwanawe."

Maiti ilipooshwa na jeneza kutolewa uani, watani wakafanya kazi yao. Kazi ya mtani msibani ni kuuvuruga msiba. Nkwabi, Msukuma mzee mwenye kuuza ngozi sokoni, alijilaza chali mbele ya jeneza. "Hatoki mtu hapa! Huyu Mzaramo ana kofia yangu. Mpaka nipewe kofia yangu!" Watu wakaanza kutabasamu huku wakifuta machozi. Kofia ya Akida ikaletwa, Nkwabi akaivaa kichwani, ikamkalia juu kama kifuniko cha chungu, watu wakacheka. Mwanaidi hakucheka.

"Na wewe?" Nkwabi akamgeukia Mihayo. "Wewe ndiye mtani wake hasa. Umesimama kama nguzo ya simu. Sema! Unadai nini?"

Mihayo alisogea mbele ya jeneza. Hakuwa amelala tangu Nyahanga. Alimtazama Mwanaidi, naye Mwanaidi akamtazama. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mimi ndiye niliyemuua. Nililegeza breki zake ili nimshinde."

Kisha uani pakalipuka kicheko.

"Haya! Kamuua!" Nkwabi alipiga kelele akishika kofia. "Na mimi nilimsukuma! Na huyu hapa ndiye aliyechimba kona!"

"Nasema kweli," Mihayo akasema. "Nilichukua spana. Nyahanga, alipokwenda kuswali. Nati zote nne."

"Msikieni! Nati zote nne! Msukuma anajua kuhesabu mpaka nne!" Watu walikuwa wanashikana mabega. Mihayo akaanza kulia, kilio kikubwa cha mtu mzima, na hapo ndipo walipomshangilia kabisa, maana mtani anayelia namna ile, kwa uongo mzuri namna ile, haonekani kila siku.

Na Mwanaidi akacheka. Kicheko kilimtoka kidogo, kama kikohozi, kisha kikubwa, akainama mkekani akicheka, na kicheko kikageuka kilio, akalia hatimaye kama mama anavyolia. Wanawake wakamzunguka. Mmoja akapita karibu na Mihayo akamshika mkono. "Mungu akubariki, kaka. Umemwokoa."

Mihayo alitaka kupiga kelele. Lakini apige kelele ya nini? Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshachekwa.

Aliendelea kushindana. Misimu miwili zaidi alishinda kila mlima na, kwa kuwa hakukuwa na wa kumpita mteremkoni, alishinda mashindano yote. Tajiri alimwongeza mshahara. Picha yake ilibandikwa dukani. Watu walisema ameacha uoga wa kushuka. Kweli, alishuka sasa bila kushika breki, na hakuna aliyefikiri kuuliza kwa nini. Mara tatu alianguka, mara tatu akanyanyuka mzima, akajilaumu hata kwa hilo.

Na kila mwezi alikwenda kwa Mwanaidi. Alimpelekea kuni, unga, sukari. Alitengeneza paa. Alikuwa kama mwana, majirani walisema, kuliko hata mwana. Lakini Mwanaidi hakutaka kuni. Alipomwona tu mlangoni alikuwa akiita wageni wake. "Njooni, njooni! Huyu ndiye yule mtani aliyenichekesha siku ile. Haya mshamba, rudia ile ya breki."

Mara ya kwanza alikataa. Mwanaidi alisikitika kiasi kwamba uso wake ulirudi kama ulivyokuwa asubuhi ile mkekani, na Mihayo akaogopa, akairudia. Tangu hapo aliirudia kila mara. Nilizilegeza kwa spana. Nyahanga. Nati zote nne. Mwanaidi alishaijua kwa moyo. Alimsahihisha akiruka kipande, akacheka palepale kila mara, kwenye nati. "Wabeja, mtani," alishukuru kwa Kisukuma alichojifunza sokoni, akijifuta macho kwa upande wa khanga. "Nikikusikia wewe, namsikia mwanangu. Angecheka yule!"

Miaka miwili. Mihayo alikonda. Usingizini aliota akiusema ukweli mbele ya watu wengi, na watu wakipiga makofi.

Siku moja ya Januari mwaka wa 1955 alikuja bila baiskeli. Alikuwa ametoka kumrudishia tajiri fulana. Mwanaidi alikuwa peke yake uani, anasaga mchele wa vitumbua.

"Haya!" alisema, uso ukichangamka. "Umekuja kwa miguu? Ng'ombe wako wamekula baiskeli?"

Mihayo alipiga magoti mbele yake vumbini, yote mawili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Mwanaidi akacheka. "Una nini leo? Umeanza lini adabu?"

Mihayo alibaki chini. Mwanaidi alingoja acheke, anyanyue uso, aseme neno la kuku au la mahari. Kicheko kilibaki usoni pake kwa kitambo kikiwa hakina kazi, kisha kikaondoka. Mkono wake ukaacha jiwe la kusagia.

"Mihayo," akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Ile ya breki."

"Ndiyo, mama."

"Uliyoisema mbele ya jeneza."

"Ndiyo."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Kila mara ilikuwa kweli."

Treni ya Mwanza ilipiga honi stesheni, ikaondoka, na uani wakaisikia mpaka ikaisha. Mwanaidi aliitazama mikono yake iliyojaa mchele, akaikung'uta taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mwanangu umemuua mara moja," akasema. "Mimi umenichekesha kifo chake miaka miwili. Niliwaita watu waje wacheke pamoja nami."

Mihayo alikuwa amejiandaa kwa kipigo, kwa polisi, kwa laana. Alikuwa tayari kwa vyote. Mwanaidi hakumpiga. Alivuta kigoda, akaketi mbele yake, karibu, magoti yao yakikaribia kugusana, akafunga khanga yake vizuri kichwani kama mtu anayeingia msibani.

"Rudia," akasema. "Anzia pale uliposhika spana."